Viti Vinne vya Halima

Halima Abdulmalik alifeli mtihani wa kwanza wa vitendo kwa sababu ya mdomo. Nasema hivyo kwa upendo, maana mimi, mwalimu Kalunde, ndimi niliyemfelisha. Alikuwa anasomea ushauri wa familia chuoni kwetu Kitui, na mbele ya macho yangu aliwamwagia mke na mume waliokosana mawaidha kumi na moja kwa nusu saa. Hata mimi nilitoka pale nimeshauriwa.

Simlaumu sana. Amekulia Mwingi, dukani kwa baba yake, ambako mteja alinunua sukari na kuacha shida zake kwenye kaunta. Lakini ulimi hauna mfupa, na kazi hii inataka mtu aushike. Chuo kinaruhusu mtihani huo mara mbili tu. Akifeli tena, miaka miwili ya masomo imeenda na maji.

Mtihani wa pili ulifanyika Kyuso, kwenye chumba cha kanisa, msimu wa kuvuna ndengu. Familia imeniruhusu nisimulie, ila majina yao nimebadilisha. Musembi anafanya kazi kwenye kituo cha mafuta Mtito Andei. Mkewe, Syokau, alikuwa amechukua mtoto na kurudi kwa mama yake, sasa mwezi wa tano. Kisa chenyewe: mtoto alishikwa na malaria akalazwa. Simu ya Syokau ilikuwa imeharibika, kwa hiyo mama yake, Mbithe, akampigia mkwewe mara tatu. Musembi hakushika. Mtoto alipona, ndoa ikabaki mgonjwa.

Halima alipanga viti vinne kwa duara, kila mtu aone uso wa mwenzake, kama nilivyomfundisha. Musembi akaketi, Syokau akaketi na mtoto mapajani. Mbithe alifika mlangoni, akaona kiti chake kinatazamana na cha mkwewe, akavuta leso hadi usoni na kusimama papo hapo. Musembi naye aliinama karibu kichwa kiguse magoti.

Mimi ni Mkamba, mzaliwa wa Kanyangi. Nthoni naijua tangu utotoni: mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaketi ana kwa ana, wanaheshimiana kwa mbali. Lile duara nililitoa kitabuni na kulifundisha miaka sita bila kujiuliza hata siku moja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na msimamizi wa mtihani, yaani mimi, haruhusiwi kusema neno.

Nikaona midomo ya Halima inacheza, nikajua mawaidha yanakuja. Badala yake aliinuka, akamwomba Musembi asimame kidogo, akageuza kiti chake kitazame dirisha. Cha Mbithe akakigeuzia mlango, mgongo kwa mgongo na kile. Syokau akamweka ubavuni, kati ya viti hivyo viwili.

"Karibu, mama," alisema. "Dukani kwetu, mkwe akiwa ndani, mama mkwe alikuwa anangoja nje, mimi namtolea sukari. Leo Syokau ndiye atabeba maneno."

Mbithe akaketi. Halima naye akaketi, akanyamaza. Huko nje tulisikia watu wakipura ndengu.

"Syokau," Mbithe alisema mwishowe, akitazama mlango. "Uliza bwana yako. Nilipiga simu mara tatu. Aliona?"

"Niliona," Musembi aliliambia dirisha kabla hajaulizwa. "Sasa mimi ningeongea na mama aje? Nikakimbia kutafuta mjomba wangu aongee kwa niaba yangu. Kumpata, tukipiga, simu ya mama imezimwa."

"Sikuzima. Chaji iliisha," Mbithe akasema.

Syokau alimgeukia mumewe. "Na mbona hukuniambia?"

"Ningesema nini? Eti niliogopa simu ya mama yako? Niliona haya."

"Miezi mitano nikidhani hatuna maana kwako!" Syokau alianza kulia.

Nilimwona Halima ameshika kiti chake kwa mikono miwili. Aliuliza swali moja tu: "Mama, ungependa iwe vipi siku nyingine?"

Mbithe alifikiri. "Mwambie nthoni ni nzuri. Lakini mtoto akiwa mgonjwa, ashike simu."

Syokau alifungua mdomo apeleke ujumbe.

"Ndiyo, mama," Musembi akajibu mwenyewe, bila kugeuka. "Nitashika."

Walipoondoka, mtoto alikuwa mgongoni kwa baba yake. Halima aliketi kwenye ngazi za kanisa kama mtu aliyetua gunia.

"Mwalimu, niambie tu. Nimeharibu duara."

"Umepita."

Alifunika uso akacheka, akalia, akacheka tena. "Alhamdulillahi! Ulimi nimeuuma mpaka unaniuma!" Kisha akapangusa macho na kunigeukia. "Sasa mwalimu, kuhusu hayo masomo yako ya viti, hebu nikushauri."

Niliketi kando yake nikasikiliza mpaka mwisho. Nilistahili.