Gauni Lililofika Kabla ya Kuondoka

Miaka ya vita, barabara ya Mahagi itokayo Uganda ilipokuwa haipitiki, hata mavazi ya arusi yalitujia Bunia kwa ndege. Gauni la mdogo wangu liliondoka Entebbe siku yenyewe ya arusi yake, saa tatu asubuhi kwa saa za Uganda, likatua kwetu saa tatu kasoro robo, kwa kuwa saa zetu ziko nyuma yao kwa saa nzima. Misa ilikuwa saa nne.

Karani wa ofisi ya mizigo, mwanamume mwenye tai na imani kubwa mno katika kompyuta yake iliyoletwa kutoka Kampala, aliling'ang'ania sanduku lenye gauni.

“Mwalimu, hii robe ya arusi siwezi kuitoa. Mashini inakatala.”

“Inakatala juu ya nini?”

“Inasema ndege ilifika mbele ya kuondoka.”

“Na weye haukuiona ikishuka?”

“Niliiona na macho yangu. Lakini mashini haikuiona.”

Nimefundisha maadili maisha yangu yote, ila sijapata kukutana na utii wa aina hii, unaomfanya mtu mzima ayakane macho yake. Mbaya zaidi, alipendekeza tuandike kwamba ndege ilitua saa tatu na nusu.

“Nani atajua?”

“Mungu,” nikasema.

“Yaya!” akafoka mdogo wangu, aniitavyo kwa kuwa nimemtangulia kuzaliwa. Alikuwa amefika mbio kwa pikipiki kutoka saluni, nywele zikiwa zimetengenezwa upande mmoja tu. “Unataka niolewe nikivaa kikwembe ya jikoni juu ya kweli yako? Na huyo Mungu, iko na saa ya wapi? Ya Kampala ao ya Bunia?”

Nilitaka nimkemee, kisha nikayapima maneno yake. Kufuru ile ilikuwa na hoja. Mbele za Mungu tukio ni moja na wakati wake ni mmoja. Sisi ndio tunaousoma kwa saa za mahali tulipo. Nikamuuliza karani: je, kompyuta ilidhani iko mji gani? Akatafuta penye mipangilio ya saa, akakuta Kampala. Tangu ifike, hakuna aliyegusa sehemu ile. Akachagua Bunia, akaandika upya saa ya kutua, nayo ikakubali.

Furaha yake haikudumu.

“Mwalimu! Sasa inasema ndege iliondoka Entebbe saa mbili! Walitudanganya?”

Nikavuta kiti nimweleze kwamba wakati uliohifadhiwa haukubadilika hata kidogo, ila sasa ulionyeshwa kwa saa zetu, na kwamba huo si uongo. Alikuwa mgumu, nami sipendi kuliacha somo katikati. Aliponielewa, sanduku halikuwapo, wala mdogo wangu.

Nilifika kanisani nikihema. Gauni lilimkaa vizuri sana, na aliyekuwa amemshika mkono hadi altareni, katika nafasi yangu, ni dereva wa pikipiki ile iliyomtoa saluni.