Siku Niliyopandwa Nyuma ya Jiko la Wakwe

Naona nianze mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa Mashewa, maana kule jina langu limeshasahaulika, wananiita Mwalimu Mche, na nikipita na mke wangu kwenda kwao, akina mama wananisalimia kwa adabu zote, halafu nikishawapa mgongo nasikia vicheko vinabanwa kwenye kanga. Wana haki yao. Mtu mzima, nina digrii, nina mke na mtoto, nilipandwa ardhini nyuma ya jiko la mama mkwe nikafukiwa mpaka kiunoni, mchana kweupe, na ubaya zaidi ni kwamba nilikubali.

Mimi nafundisha Historia sekondari moja huku Handeni, kwetu ni Kang'ata, na kama kuna mada naipenda ni ile ya kidato cha kwanza ya mageuzi ya binadamu, hasa pale zamadamu anapoacha kutembea kwa miguu minne na kusimama kwa miwili. Ile nilikuwa siisomi kitabuni, nilikuwa naiigiza. Naanzia mlangoni mikono ikiwa sakafuni, napita katikati ya madawati, nanyanyuka kidogo kidogo, mgongo umepinda, magoti yamelegea, nikifika ubaoni nimesimama wima na darasa zima linapiga makofi (na kwenye mtihani swali hilo wanalipata, kwa hiyo msinicheke). Halafu nawaeleza kwamba kusimama ndiko kulikotufanya tuwe watu, kwa sababu mikono ikawa huru, ikaweza kubeba chakula, kuchonga mawe, kukumbatia watoto, ila kiuno ndicho kilichopata tabu, kwa kuwa uti wa mgongo uliozoea kulala tumeusimamisha na kuubebesha mwili wote. Nilikuwa nalisema hilo kila mwaka, na kiuno changu kilikuwa kinasikiliza tu.

Sasa mwalimu huyohuyo wa kusimama alikuwa na mtoto asiyetembea. Idi wangu alikuwa na mwaka na miezi mitano. Kutambaa alikuwa anatambaa kwa kasi mpaka kuku wanampisha, na akishika stuli alikuwa anasimama, anatazama dunia ilivyo, anaona haina jipya, anarudi chini. Nesi wa kliniki alimkagua miguu akasema ni mzima, tusubiri, lakini akifika mwaka na nusu bila hata hatua moja tumpeleke hospitali kubwa wakamtazame. Mbele za watu nilikuwa nasema kila mtoto ana wakati wake, binadamu wenyewe walichukua mamilioni ya miaka, mwezi mmoja ni kitu gani. Lakini akilala nilikuwa namshika nyayo. Zilikuwa laini kama andazi, nyayo za mtu ambaye hajakanyaga kitu, na nilikuwa naogopa sana, sema sikumwambia mtu, hata mama Idi.

Likizo ilipofika mama Idi akaniambia, "Mama amepiga simu. Anasema tumlete mtoto, shimo liko tayari."

Kama hamjui shimo, ni dawa ya wazee. Mtoto aliyechelewa kutembea anachimbiwa shimo, anasimamishwa humo, udongo unarudishwa mpaka kiunoni, anakaa hapo kwa muda akiwa wima, miguu inazoea, basi. Mimi nikasema mwanangu hafukiwi, mimi ni mtu niliyesoma. Mama Idi hakubishana. Alisema tu, "Sawa, utamwambia mama mwenyewe," huku akijua vizuri kabisa kwamba mimi na mama yake hatuongei.

Sio kwamba tumegombana, hapana, ni heshima. Tangu nioe, yule mama hajawahi kunipa mkono wala kusema nami ana kwa ana. Nikiwa sebuleni anasimama mlangoni, kanga imeshuka mpaka machoni, na anamwambia binti yake, "Mwanaidi, muulize mumeo kama chai imetosha," nami nikiwa hapohapo nasikia, nasema, "Mwambie mama imetosha," na mama Idi katikati anageuza shingo kama anayetazama mpira. Kwa hiyo kumwambia mama mkwe kwamba shimo lake ni upuuzi lilikuwa jambo ambalo hata mlango wa kupitia halina.

Tulifika Jumamosi asubuhi. Nilivaa koti, nilipiga pasi suruali, nikatoa shikamoo zangu zote. Baba mkwe akanizungusha nyuma ya nyumba kunionyesha kazi yake, na kweli shimo lilikuwepo, karibu na migomba, kina chake kinafika kwenye goti langu, limechimbwa vizuri, na pembeni kote amemwaga majivu ya jikoni kuzuia siafu wasije wakamsumbua mjukuu. Niliangalia yale majivu nikajisikia vibaya, kwa sababu mtu anayemwagia majivu shimo la mtoto si mtu wa kumkatalia kirahisi.

Nikaona njia ni moja, nimshawishi baba mkwe, yeye atajua namna ya kumfikishia mkewe. Tulikaa sebuleni pamoja na Mzee Kaoneka, jirani aliyekuja kushuhudia mtoto akifukiwa, mama Idi yuko kwenye mkeka na Idi, nami nikaanza mada yangu.

"Baba, kutembea kwa miguu miwili si kitu kidogo. Kule Laetoli ziko nyayo kwenye majivu ya volkano, za viumbe waliotembea hivi kama sisi, zaidi ya miaka milioni tatu iliyopita."

Baba mkwe akafikiri. "Walikuwa wanakwenda wapi?"

"Hilo halijulikani, baba."

"Basi bado hamjamaliza kusoma," akasema, bila ubaya wowote.

Mzee Kaoneka naye akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, babu zetu walikuwa wanatembea na mikono? Mimi babu yangu namkumbuka, alikuwa anatembea vizuri tu." Nikamwambia si babu huyo, ni wa zamani sana. Akasema Mungu alituumba tumesimama. Nikasema sibishani na Mungu, mimi naeleza mgongo tu. Wakawa wananitazama kwa huruma, na mimi huruma ya watu ambao hawajaelewa somo siiwezi, ni ugonjwa wangu wa ualimu, nikawaambia, "Ngojeni niwaonyeshe."

Hapo ndipo nilipokosea, na lilikuwa kosa dogo tu la kuinuka kwenye kiti. Nikavua viatu, nikashuka kwenye mkeka kwa mikono na magoti, koti langu mwilini. Nikasema, "Mnaona? Mgongo umelala, hauna taabu." Idi kuona baba yake ametambaa, jamani, alifurahi mpaka akapiga kelele, maana kumbe siku zote alikuwa anajiona yuko peke yake katika mwendo ule. Akaja mbio, akanipandia mgongoni. Nami badala ya kumshusha nikasema, "Sasa anaanza kunyanyuka," nikajisukuma.

Kiunoni kitu kikalia kama kijiti kikavu kinachovunjika. Basi. Sikuweza kwenda juu, sikuweza kurudi chini. Mama Idi akamwondoa mtoto, akasema, "Simama," nikamwambia siwezi, akafikiri bado naigiza. Mzee Kaoneka alikuwa anatikisa kichwa akisubiri sehemu inayofuata ya somo.

Na mimi uso ulikuwa ukutani. Nyuma yangu ndiko kwenye mlango, na mlangoni nikasikia vikombe vinagongana kwenye sinia. Sikuhitaji kugeuka (na nisingeweza). Mama mkwe alikuwa analeta chai ya maziwa na magimbi, na kitu cha kwanza alichokutana nacho ni makalio ya mkwe wake, yameinuliwa juu, yamevikwa suruali iliyopigwa pasi. Kwa aibu niliyoisikia ningeomba ardhi inimeze, na kama mtakavyoona, haikuchukua muda.

Akaweka sinia chini. Halafu sauti yake ikaja, ya upole tu. "Mwanaidi, mwambie mumeo kama amedondosha kitu, kitatafutwa."

Aliposikia ni kiuno, hakushangaa, kwa sababu mjue yule mama ndiye anayekanda viungo vya watu pale kijijini, wanatoka mpaka Kerenge kumfuata, mtu anakuja amebebwa anaondoka anatembea. Dawa ilikuwa imesimama nyuma yangu hatua mbili, ila mikono yake hainigusi, mimi ni mkwe. Wakaita bodaboda anipeleke zahanati. Kijana wa bodaboda akanizunguka, akanitazama, akasema labda anifunge kwa kamba kama anavyofunga mbuzi, nikamwambia ahsante, nenda.

"Mwanaidi," mama mkwe akasema, "mwambie mumeo liko shimo."

"Mwambie mama," nikasema nikiwa natazama mkeka, "kwamba hii ni misuli imekaza, inahitaji kupumzishwa tu."

"Mwambie mumeo misuli haijui kama yeye ni mwalimu. Ardhi ya moto itamshika kiuno nisichoweza kukishika mimi."

Ningekataa, lakini kiuno kilikuwa kimeshakubali. Baba mkwe akashika mabega, Mzee Kaoneka akashika mapaja, wakanitoa nje vilevile nilivyojikunja, kama meza inayohamishwa. Majirani walikuwa wameshafika kwenye uzio wa michongoma. Mmoja alikuwa na simu, akapiga picha, na nasikia ilifika Handeni kabla yangu. Nikashushwa shimoni kwa magoti, kwani kusimama hakukuwezekana, baba mkwe akalipanua kidogo kwa jembe nipate kuenea, wakarudisha udongo kidogo kidogo uliochanganywa na mchanga uliokaangwa kwenye karai, mpaka kiunoni, wakashindilia. Mama mkwe alisimama kwa mbali na kanga yake akielekeza, "Mwambieni baba Mwanaidi ashindilie kulia," na alikuwa anajua hasa ni wapi panapouma, bila kunigusa.

Nasema kweli hata kama najiumbua, ule moto wa mchanga ulipoingia kiunoni nilipata raha. Ule mkazo ukaanza kulegea. Mgongo ukanyooka wenyewe kwa kuwa ardhi ilikuwa imeubeba, mikono yangu iko nje imekaa juu ya udongo, na nilikuwa wima.

Mama Idi alikuwa amemsimamisha mtoto kando ya ndoo ya maji, kama hatua tano kutoka kwangu, ili apate nafasi ya kucheka vizuri. Idi ameshika mdomo wa ndoo ananitazama. Ndipo nikaona anavyonitazama. Tangu azaliwe mimi kwake nilikuwa ni magoti, na juu huko sauti. Sasa baba yake alikuwa na kimo kama chake, jicho kwa jicho, amepandwa pale hawezi kwenda popote.

Akaachia ndoo.

Sikumwita. Niliogopa hata kupumua. Hatua ya kwanza, akayumba. Ya pili, mikono juu. Akaingia kwenye majivu, ya tatu, ya nne, tumbo mbele kama mzee aliyeshiba, na ya tano hakuikanyaga, aliiangukia shingoni kwangu, na mikono yangu ilikuwa huru nikamdaka. Kila mwaka nilikuwa nafundisha mikono ilikuwa huru kwa ajili ya nini. Nikalia, jamani, nililia mbele ya wakwe na majirani na simu yao, pua yangu kwenye nywele za mtoto, na mama Idi naye alikuwa amekaa chini analia. Kumbe naye alikuwa anamshika zile nyayo nikiwa kazini.

Mama mkwe akaja mpaka kwenye ukingo wa shimo. Akainua kanga kutoka machoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanitazama mimi, hakumtazama binti yake.

"Pole, mwanangu," akasema. "Na mimi nilikuwa naogopa."

Nikamjibu, "Ahsante, mama," moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu.

Baba mkwe yeye alikuwa ameinama kwenye majivu. Zilikuwepo nyayo mbili ndogo, vidole vyote vinaonekana. Alizitazama kwa muda mrefu, jembe begani, halafu akamwambia Mzee Kaoneka, "Hizi angalau tunajua alikuwa anakwenda wapi."

Nilichimbuliwa saa nane mchana, nikala magimbi nimesimama. Idi siku hizi hakai, anakimbia mpaka tunamtafuta. Kule Mashewa wanasema ni shimo lililomtembeza, na mimi nikisema aliyefukiwa ni mimi wala si yeye, mama mkwe ananijibu mwenyewe kwa simu, "Kwani shimo lilikuuliza?" Darasani siigizi tena, nachora ubaoni, na nimeapa sitashuka tena kwa mikono na magoti kwenye nyumba ambayo mama mkwe anaweza kutokea mlangoni. Lile shimo hawajalifukia. Mama Idi ana mimba ya miezi sita, na huyu anayekuja akichelewa kutembea, koti nitavua mapema.