Mwambie Athumani Aniachie

Usiku ule nililala baada ya kuifunga zipu ya hema na kuikagua mara ya pili, kana kwamba zipu ingeweza kumzuia mtu niliyekuwa nikimhofia. Mtu mwenyewe alikuwa hema la jirani, hatua kumi tu, na nilimsikia akikohoa. Alikuwa baba yangu mdogo, Athumani.

Tulikuwa likizo. Yeye ndiye aliyenialika: siku tatu kwa boti, kuupanda mto unaopita katikati ya milima, kulala kambini, kutazama viboko na ndege, na kupiga picha kuta za mawe zilizosimama pande zote mbili hadi jua lenyewe huonekana saa chache tu kwa siku. Mama alipopata habari kwenye simu akauliza, "Mto gani?" Nilipomtajia akasema, "Na wewe umekubali?"

Nilikubali kwa sababu moja. Baba yangu alifia katika mto ule nikiwa na miaka mitatu. Mtumbwi ulipinduka ndani ya korongo. Mtumbwini tulikuwa watatu: baba, mdogo wake Athumani, na mimi. Kwa jinsi nilivyosimuliwa, mimi nilinaswa kwenye matete, wavuvi wakaniokota, kazi ya Mungu. Athumani aliogelea hadi ukingoni mikono mitupu. Baba aliopolewa siku ya pili. Na Athumani alikuwa hodari wa kuogelea kuliko vijana wote wa kijiji. Kabla arobaini haijafika akahamia Tanga.

"Asiye na hatia hakimbii arobaini ya kaka yake," Mama amekuwa akisema hivyo tangu nipate akili. Hajawahi kula naye sahani moja.

Basi nilitaka tufike pale, nimtazame usoni. Siku ya kwanza hatukufika. Mahali penyewe tungepapita asubuhi ya pili. Wakati wa chakula cha jioni Athumani aliuzungusha ubwabwa kwenye sahani, hakula. Nikajiambia, naam, dhamiri hiyo.

Usingizi uliponichukua, tulikuwa tayari botini.

Ni mchana mweupe, lakini jua silioni. Kuta za korongo zimesogea karibu kiasi kwamba nikinyoosha mkono nazigusa, nazo ni baridi, zinatoa jasho. Injini inatetemeka bila sauti. Athumani ameketi nyuma yangu. Sigeuki. Najua tu kwamba macho yake yako kwenye kisogo changu. Kiongozi wa safari anatuhesabu abiria kwa kidole. "Saba," anasema. Anarudia kuhesabu. "Nane." Na hatukusimama popote.

Wa nane ameketi ubavuni kwangu. Kijana wa miaka ishirini na sita hivi, ndevu ndiyo kwanza zinaota, shati limemganda mwilini kwa maji. Mimi nina miaka arobaini. Namjua kutokana na ile picha moja tuliyobaki nayo, lakini moyo unanionya, usikubali upesi.

Marehemu Bibi alitufundisha kwamba maiti akikujia ndotoni akakupa chakula, usile. Kijana anafungua kitambaa, ndani mna karanga mbichi. Ananinyooshea. Natikisa kichwa.

Anazifunga tena taratibu. "Vizuri," anasema. "Umelelewa."

"Wewe ni nani?"

"Unaniuliza mimi, mama?"

Nilipewa jina la mama yake, na husemwa kwamba hakuniita vingine hata siku moja. Lakini hilo mtu yeyote angeweza kulijua. Namtazama miguu, natafuta kivuli chake. Sina mtu wa kumwuliza.

Halafu si boti tena. Ni darasa langu, lile ninalofundisha kila siku, na mto unapita katikati ya madawati. Baba amesimama mbele ya ubao. Maji yanamchuruzika mikononi, na sakafu pale aliposimama haijalowa. Hilo nalichunguza vizuri: haijalowa. Athumani ameketi dawati la nyuma kabisa, mtu mzima aliyebanwa na kiti cha mtoto, mkono wa kulia ameuficha chini ya meza.

"Mwulize," namwambia baba. "Mwulize alikufanya nini. Yupo hapa, hawezi kukimbia."

Baba anainua uso. Anamtazama mdogo wake kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyelala.

Kisha sote tumo majini. Maji ni mazito, yana rangi ya chai ya maziwa, yanatuvuta. Naona mkono wa Athumani umenyooka, vidole vimekaza kwenye kiganja cha baba. Nasubiri vifunguke. Maisha yangu yote nimesubiri kuviona vikifunguka, niwe shahidi, nirudi kwa Mama niseme nimeona.

Havifunguki.

Baba anageuza uso kwangu. "Mwambie Athumani aniachie."

"Alikuachia!" napiga kelele. "Alikuachia, ndiyo maana ukafa!"

"Hajaniachia," anasema. "Mkono unamuuma. Mwambie."

Maji yanamfunika pole pole, wala hayafanyi hata duara.

Niliamka kitambaa cha kichwa kimenizunguka shingoni. Nje kulikuwa kumepambazuka. Nilikaa kitandani nikiitilia shaka hata ndoto yenyewe. Je, si woga wangu tu? Je, si mto huu unaotetea siri zake? Lakini ujumbe ni amana, na mwenye nao alikuwa nje, ameshika kikombe cha chai ya rangi, anaangalia upande tutakaoelekea.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Umelalaje?"

"Nimemwota baba. Amesema nikuambie umwachie."

Nilimkazia macho. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akikasirika, au akicheka. Kikombe kilimponyoka. Akakaa chini, kwenye mchanga, ingawa kiti kilikuwa nyuma yake.

"Amesema hivyo? Maneno hayo hayo?"

"Amesema mkono unakuuma."

Athumani akaunyoosha mkono wa kulia. "Huu ulikuwa na baba yako." Akanyoosha wa kushoto. "Huu ulikuwa na wewe. Mkondo ulikuwa unatupeleka kwenye mwamba, na wawili sikuwaweza. Akaniambia, Athu, niachie, mtoe mtoto. Nikakataa. Akaniambia tena. Nikakataa. Akaniuma. Kaka yangu aliniuma mkono mpaka nikamwachia."

Chini ya kidole gumba kulikuwa na makovu mafupi yaliyopangika nusu duara. Tangu utoto wangu nilikuwa nikiyaona. Alikuwa akisema ni ya mbwa.

"Na matete?" nikauliza. Bado nilikuwa natafuta ufa.

"Hapakuwa na matete. Hapakuwa na wavuvi, hayo niliyatunga mimi. Nilikuweka mgongoni, tukatoka."

"Kwa nini ulikimbia arobaini?"

"Kidonda kilikuwa kibichi. Wangekiona wangeuliza, meno ya nani? Ningesema nini? Mama yako angekutazama kila siku akijua baba yako alikufa ili wewe uishi. Na wewe ungekua ukilijua hilo. Ulikuwa na miaka mitatu, mama. Nikaona heri wanidhanie mimi."

"Na leo umenileta huku kwa nini?"

"Nilitaka nikuambie pale pale. Jana nzima nimetafuta pa kuanzia, sikupaona."

Nilitaka kumwomba msamaha. Nikaushika ule mkono tu. Kule gatini wenzetu walikuwa wanavaa jaketi za kuokolea, kiongozi anatuita kwa mkono. Nikamwashiria angoje.

Simu ilikuwa ikishika mtandao juu ya jabali moja tu nyuma ya jiko la kambi. Nikapanda, Athumani akanifuata akihema. Mama alipokea mlio wa kwanza, kama vile alikuwa ameketi na simu mkononi tangu alfajiri.

Nilimsimulia yote. Ndoto, ujumbe, mikono miwili, meno. Sikuongeza neno. Nilipomaliza nikasikia kwa mbali jogoo wa uani kwake.

"Mama?"

"Nipo." Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Yuko hapo?"

"Yuko hapa."

"Mpe simu."