Wimbo wa Tatu kwenye Kaseti Yetu

Mimi ndiye mtu wa kuharibu hadithi za mizimu. Ukiniambia umeona kitu, nitakuuliza ulikuwa umekunywa nini, mwanga ulitoka wapi, na nani mwingine alikiona. Hili nalo nimejiuliza maswali hayo yote, miaka nenda miaka rudi, na majibu ni haya: maji ya miwa, mwanga wa mchana, na tulikuwa watatu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa mgomo, nami nimerudi nyumbani Voi na gitaa la umeme, spika yake ndogo ya betri na kaseti za death metal, muziki wa kunguruma kama mtu anayezikwa na bado anabisha. Tukaunda bendi. Salim, ambaye babake alikuwa na duka la vitambaa karibu na stesheni, alipiga ngoma, na kila wimbo aliumaliza kabla yetu. Gitaa langu halikukaa kwenye noti hata dakika mbili. Lakini Mwadime, rafiki yangu tangu shule ya msingi, alikuwa na sauti ambayo hungeamini ilitoka kwenye kifua chembamba vile.

Mtu mmoja wa studio Nairobi alikubali kusikiliza nyimbo zetu tatu. Mimi ningerudi chuoni, Salim alikuwa na duka. Mwadime hakuwa na kingine ila ile sauti.

Pa kurekodia hatukuwa napo. Mwadime akakumbuka pango la ukoo wao milimani, nyuma ya shamba la nyanya yake. Zamani, kabla ya kanisa, Wataita walifukua fuvu la mzee baada ya muda na kulipanga pangoni pamoja na ya wenzake. Mafuvu hayo bado yapo pale, kwa safu, yote bila taya la chini. Bendi kama yetu ingetaka nini zaidi?

Nyanya hakutukataza. Alitupa chupa ya maji ya miwa, akasema kila mmoja anywe funda, ateme pale mlangoni na aseme hasira yake ameiacha nje. Kutasa, ndivyo wanavyoita. Waliolazwa mle, alisema, hawapendi mtu anayeingia na hasira moyoni.

Njiani mimi msomi nikauliza: nyimbo zetu zote ni hasira, tukiitema tutaimba nini? Wakacheka. Jua lilikuwa kali. Tulipofika pangoni chupa ilikuwa tupu.

Tulianza kama saa tisa, redio kaseti ya babake Salim ikiwa juu ya jiwe. Wimbo wa kwanza Salim aliukimbiza. Wa pili niliuharibu mimi. Ukungu ukashuka, na manyunyu. Tukijiandaa kwa wa tatu, tukamwona kijana ameketi mwisho wa ile safu. Rika letu, koti kubwa, skafu imezungushwa hadi puani. Koti lilikuwa kavu. Niliona, na sikuuliza. Mimi, wa kuuliza kila kitu.

"Hasira hii ni ya nani?" akasema, taratibu, kama aliyeokota kitu njiani.

"Si ya mtu, ndugu," Mwadime akajibu. "Ni ya muziki tu."

"Kama haina mwenyewe, niachieni."

Salim akacheka. "Chukua yote, kaka. Sisi twataka kaseti tu."

Tukaanza wimbo wa tatu. Mwadime hakuwahi kuimba vile, niamini. Mara ngoma zikanyamaza. Nikageuka nimtukane Salim. Vijiti vyake vilikuwa chini, naye anamtazama mgeni, aliyekuwa ameshusha skafu ili aimbe pamoja nasi. Chini ya pua yake hapakuwa na kitu. Mwadime alikuwa amefumba macho, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama, na hakuna sauti iliyotoka kwake. Wimbo ulikuwa unaendelea.

Tulimkokota Mwadime tukakimbia. Salim alibeba redio, hakukumbuka kuizima.

Chuo kilipofunguliwa nilipeleka kaseti mwenyewe. Yule mtu wa studio alisema gitaa bovu, mpiga ngoma afukuzwe, lakini mwimbaji nimletee kesho. Ningemletea nani? Mwadime alikuwa akinong'ona, na ananong'ona hadi leo. Daktari aliangalia koo lake, hakuona kidonda. Mimi nilisema amelichosha. Sawa. Lakini kwenye kaseti, baada ya ngoma kukatika, unasikia miguu yetu na pumzi zetu tukiteremka mlima, dakika nzima, na ile sauti haififii hata kidogo. Nielezee hilo, kama unaweza.

Nyanya alipanda pangoni na chupa nyingine. Aliporudi alisema hatukuibiwa. Tuliulizwa, tukatoa.

Kwa hiyo ukipewa kitu uteme mlangoni mwa watu, teme kwanza, maswali utauliza baadaye. Siku hizi nikikasirika natoka nje, napiga funda la maji, natema, nikijiona mjinga. Mwadime akinikuta hucheka hadi machozi yamtoke. Namwona tu mabega yakitikisika.