Manowari Tatu Kwenye Mlango wa Friji

Mume wangu alibandika karatasi kwenye mlango wa friji, akaibana kwa sumaku yenye umbo la ndizi, na kwenye karatasi hiyo akawa anahesabu meli za kubebea ndege. Si zake. Sisi hata baiskeli hatukuwa nayo. Zilikuwa za Wamarekani na Waingereza, na zilikuwa Ghuba, kwa sababu majira yale ya baridi, mwishoni mwa miaka ya tisini, kila siku ilisemwa kwamba Iraki itapigwa kesho.

Mimi nilikuwa na safari ya Maskati. Mdogo wetu wa mwisho anaolewa. Tuko sita kwa mama, na tangu tutoke Unguja tumetawanyika: wawili Maskati, mmoja Dubai, mmoja Mombasa, mmoja Toronto, na mimi London. Hatujawahi tena kukaa chumba kimoja wote sita. Mama hakuomba dhahabu. Alisema kwenye simu, "Nataka niwaone nyote, kwa mpigo mmoja, macho yangu yangalipo." Na jicho moja lilikuwa limeshaanza kupoteza nuru.

Tatizo lilikuwa kanuni ya mume wangu. "Meli moja ni salamu. Mbili ni kelele. Tatu ni vita. Zikifika tatu, hutoki."

"Kanuni hiyo umeitoa wapi?"

"Mimi nafanya kazi na ndege, mwanamke."

Alikuwa anapakia masanduku kwenye ghala la mizigo kule Hayes, karibu na uwanja wa ndege. Ndege alizifahamu kwa tumbo la chini tu.

Jumatatu ile nilirudi kutoka kazini nikakuta mstari wa tatu kwenye karatasi. Ameuchora kwa kalamu nyekundu, na tarehe pembeni kama kawaida yake. Wakala wa tiketi wa mtaa wa Queensbury, Mhindi wa Mombasa ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wanangu, alikuwa amenishikia kiti mpaka Alhamisi saa sita mchana. Tulikuwa tumevutana wiki nzima. "Dada," alisema, "nimepunguza mpaka nimefika kwenye mfupa. Alhamisi nakiachia." Nilijua hatanii, maana alikuwa ameshaacha kunitolea chai.

"Nenda ukamwambie wakala akiachie hicho kiti," akasema mume wangu.

"Na mama nimwambie nini? Watoto watano wanatosha?"

"Mwambie tatu."

Asubuhi nilimwambia chai yake imepoa, basi.

Nilikuwa nawatunza wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee huko huko kaskazini mwa London. Kwenye ghorofa yangu walikuwa kumi na wawili, na mmoja wao alikuwa baharia zamani, kwenye meli kama hizo hizo za kwenye friji yangu. Kazi yake ilikuwa nyaya za kunasia ndege zikishuka. Siku zote nilimkwepa, kwa sababu ukimgusia habari za nyaya chai ya wenzake inapoa. Jumanne hiyo nikamuuliza mwenyewe. Hasira ndiyo iliyouliza.

Akaninyang'anya sinia moja, akapanga biskuti juu yake. "Hii sitaha. Hizi ndege. Uwanja ni mfupi mno, ndege haiwezi kupaa kwa mbio zake tu. Kwanza meli inageuka ielekee upepo, inakwenda kwa kasi yote. Kisha mashine ya mvuke inaivuta ndege na kuirusha kama jiwe la manati." Biskuti ikaruka, ikatua kwenye paja la bibi wa jirani. Yule bibi akaila.

"Na kushuka?"

"Ndege ina ndoano mkiani. Inashika waya mmoja kati ya nyaya zilizolazwa sitahani. Na rubani anapogusa chini hapunguzi nguvu ya injini, anaongeza, maana akikosa waya lazima apae tena papo hapo. Mimi kila ikishuka ndege nautazama waya. Ukikatika unaondoka na miguu ya watu." Akaeleza fulana za rangi, za njano kwa wanaoongoza ndege, nyekundu kwa wa mabomu, ili katika kelele zile mtu ajulikane kwa rangi. Akaeleza manowari za kuilinda, na nyambizi chini, na meli ya kuletea chakula na mafuta. Nilikuwa na vikombe kumi na kimoja kwenye sinia la pili mkononi na cha kumi na mbili kiko vitani.

"Haya, za nini zote hizo? Si wajenge uwanja nchi kavu?"

"Uwanja wa nchi kavu unamwomba mwenye nchi. Leo atakubali, kesho atasema usimpige jirani yangu. Hii huombi mtu. Unaisimamisha kwenye bahari isiyo ya mtu, hujamgusa adui yako, naye halali."

Hapo nilimwelewa kuliko alivyodhani. Mimi sokoni nasimama mbele ya meza, mkoba mkononi, kimya. Sijanunua. Muuzaji ndiye anaanza kushusha.

"Lakini ni ghali," akasema. "Ukitaka moja iwe kazini, unahitaji tatu. Ya pili iko gatini inatengenezwa, ya tatu inafundisha watu wake. Baada ya miezi kama sita, ile ya kazini inakwenda nyumbani."

"Inaondoka tu?"

"Haiondoki mpaka mwenzake afike ampokee."

Nikaweka vikombe chini. Katika nyumba ile ya wazee zamu ilikuwa inakabidhiwa saa moja unusu asubuhi. Nusu saa hiyo, ghorofa inajaa watunzaji, wa usiku na wa mchana, unadhani tuna neema. Mkaguzi akija saa hiyo anaandika kwamba tunatosha. Saa mbili kamili tumebaki wanne.

Jioni nilisimama mbele ya friji bila kuvua koti. Mstari wa kwanza, Septemba. Sasa Februari. Nikahesabu kwa vidole, karibu miezi sita, nikarudia.

"Hii ya tatu umeisoma wapi?"

"Kwenye televisheni. Zile kurasa za maandishi."

"Nifungulie."

Kurasa zile zilikuwa zinageuka zenyewe, moja ya mbili, halafu mbili ya mbili, na mume wangu alikuwa na tabia ya kuinuka mwisho wa ya kwanza kwenda kuchora mstari. Tukakaa tukangoja. Ukurasa wa pili ukaja: meli hiyo imekuja kuchukua nafasi ya ile ya Septemba.

"Zamu," nikamwambia. "Wanakabidhiana. Umehesabu wa usiku na wa mchana pamoja. Ziko mbili, kelele tu."

Aliusoma mara tatu, akingoja ubadilike. Kisha akaufuta mstari wa Septemba, na kwa kuwa ulikuwa wa wino ulitoka na kipande cha karatasi. Alhamisi saa tano na robo nilikuwa Queensbury, na wakala akanitolea chai.

Ijumaa nilimpa yule mzee habari, kwa majivuno. Akacheka. "Isipokuwa wakiiambia ya zamani ibaki. Wewe umeambiwa ubaki baada ya zamu mara ngapi wiki hii?"

Mara mbili. Nikaenda kukunja mashuka. Mume wangu sikumwambia. Ningemwambia ningekuwa mjinga.

Siku ya hina, Maskati, simu ikalia kwenye ukumbi mdogo nje ya chumba cha bibi arusi.

"Wameibakisha," akasema mume wangu bila salamu. "Ile ya Septemba. Haitoki. Ni tatu kamili."

"Umesoma ukurasa wa pili?"

"Nimesoma. Rudi."

"Tiketi haibadiliki, kwa bei niliyoikamua."

"Ulikuwa unajua?"

Nilitazama ndani. Mama amesimama katikati ya chumba, anatuhesabu kwa kidole, uso anausogeza kwa kila mmoja ili jicho lililobaki limwone. Anafika mwisho, anasita, anaanza upya.

"Watano," akasema. "Nani hayupo?"

Nikakata simu, nikaingia, nikakaa kwenye mkeka kati ya wa Toronto na wa Mombasa. Kidole kikapita juu yetu polepole, kikanigusa paji la uso.

"Sita," akasema. Halafu akahesabu tena.

Nje simu ikaanza kulia. Tuliiacha ilie.