Uso wa Pasipoti

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika; wote walimwita Fundi Poda. Studio ile ya picha ilijaa watu kwa sababu yake, na mpiga picha alikuwa mbonyezaji tu. Kanuni zake zilikuwa chache na hakuwa na mchezo nazo. Poda kwanza, maana uso usio na poda hutoka kwenye picha unang'aa kama sufuria. Rangi ya ngozi hujaribiwa shingoni, si mkononi. Mdomo na mashavu yapakwe mara mbili ya unavyoona inatosha kwenye kioo, kwa kuwa kamera hula nusu.

Dada yake alipohitaji picha ya pasipoti, ili amfuate binti yake aliyekuwa ughaibuni mwaka wa tisa sasa, Fundi Poda alimkalisha kitini saa nzima. Dada mtu alikuwa na kovu shavu la kushoto, la siku alipoteleza na kuanguka, binti akiwa mgongoni. Fundi alilifukia mpaka likatoweka. Dada aliitazama picha, akauliza huyu ni nani. Akaambiwa ni yeye, asilete maneno.

Uwanja wa ndege, afisa aliuliza swali hilohilo. Alitazama pasipoti, akatazama uso, kisha akamwambia dada asogee pembeni. Dada akampigia simu mdogo wake, sauti ikimtetemeka. Ndege ilikuwa inaondoka baada ya dakika arobaini.

Fundi Poda alikuwa bado kwenye maegesho baada ya kumsindikiza, na sauti yake haikubadilika.

"Dada, lile kopo la poda nililokupa liko kwenye mkoba?"

"Lipo."

"Ingia chooni. Anza na shavu la kushoto. Usisugue, gongagonga."

Kwa robo saa alimwelekeza, nyusi baada ya nyusi. Afisa alilinganisha upya, akaridhika kwamba sasa ndiye mwenyewe, akagonga muhuri.

Kesho yake dada alipiga simu. Alisema alisimama na begi lake mlango wa kutokea, na binti akampita mara mbili, akitazama nyuso za wengine. Alikuwa anatafuta kovu. Alipokuwa mdogo hakulala bila kulipapasa. Basi dada akatemea mate ncha ya mtandio na kulisugua shavu mbele za watu.

"Hapo ndipo akaniita mama," alisema.

Fundi Poda alilia kwa furaha na kwa aibu, zote pamoja, hakujua ipi ilianza. Kisha akanawa uso na kwenda kazini.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mwenye alama ya kuungua kidevuni. Alitaka picha ya pasipoti, na alama ile isionekane hata kidogo. Fundi Poda alifungua kopo, akachovya sifongo, halafu akaiweka chini.

"Huko uendako," akauliza, "anayekuja kukupokea ni nani?"