Uji wa Chumvi

Shule hii ilianza mwaka wa matembele. Tarehe usiniulize, mie niliishia darasa la tatu. Nakumbuka unga ulikuwa wa shida hapa Kimara, tukala matembele mpaka choo kikawa kijani.

Shule ya serikali ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, magari yanagonga watoto. Mchungaji akasema tuanzishe chekechea yetu. Kanisa lenyewe lilikuwa turubai. Mvua ikinyesha, hata Biblia zinalowa. Mwenye baraza la saruji alikuwa mmoja tu, jirani yangu, Muislamu wa Lindi, mke wa mchonga vinyago. Akasema, "Waleteni. Watoto hawana dini, wana makamasi." Mumewe akatuchongea mabenchi. Mie nikafundisha nyimbo, yeye akapika uji.

Ukaja mwezi wa Ramadhani. Anapika huku amefunga, kuonja hawezi, na makopo ya sukari na chumvi yanafanana. Watoto wakakunja sura kama wamelamba betri. Nikaonja: chumvi tupu.

"Shoga, unatuulia kanisa!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo, kila Ramadhani nilikuwa nasikia kelele ukutani: "We Mkristo, njoo uonje!" Shule ilisimama hivyo, kwa baraza lake na ulimi wangu.

Sasa ina ghorofa na basi la njano. Mjukuu wangu anafundisha hesabu pale, mtoto niliyemkuza kwa kuuza vitumbua. Najivuna, sifichi. Mwezi uliopita mkuu wa shule alikuja kunirekodi kwa simu, habari za mwanzo zisomwe kwenye sherehe ya shule. Shikamoo zikamiminika. Nikamweleza yote. Nilipofika kwa jirani yangu, akazima simu.

"Mama yangu, hapo tutasema msamaria mwema alitoa baraza lake. Wazazi watauliza, shule ya Kikristo, mambo ya Ramadhani yametoka wapi?"

"Msamaria ndiyo kabila gani? Yule ana jina. Mtalitaja, na mtamwalika."

"Tutamwombea, mama."

"Haumwi! Yuko Buguruni kwa binti yake, anakula, analala. Kama yeye hayupo, mie siji."

Jioni mjukuu wangu akaja analia. "Bibi, utaniponza. Mkataba wangu unaisha, na anayesaini ni yule yule."

Sikulala vizuri. Nikampigia jirani yangu, nikamweleza.

"Shoga, nenda ukale pilau," akasema. "Mie nifungie kwenye mfuko."

Akacheka. Lakini kicheko chake nakijua mie, na hicho hakikuwa kile cha kukaa chini.

Leo asubuhi basi la njano limekuja kunichukua, honi inalia. Mjukuu wangu kasimama mlangoni na gauni langu la kitenge mkononi, limepigwa pasi. Nikamuuliza, jina limo? Akatazama chini.

"Wameandika msamaria tu, bibi."

Nikamshika mkono. Nilitamani nimpe anachotaka. Dereva akachungulia: "Bibi, meza kuu wanakusubiri wewe tu!"

Nikakaa na khanga yangu ya nyumbani, nikamjibu kwa sauti mpaka majirani wakasikia:

"Kama yeye hayupo, mie siji."